Mashini mpya imetangazwa? Mbele ya kuuliza prosesa, uliza wati



Siku hizi kwenye kundi letu kila wiki mtu anatuma picha ya mashini mpya iliyotangazwa: kompyuta ndogo ya ukubwa wa kipande cha sabuni, seva ndogo ya kuweka chini ya meza, na kadhalika. Chini ya picha watu wanaandika: "Njo hii!" Mwingine anajibu: "Hapana, ile ingine iko na viini vingi." Ubishi unaenda mpaka usiku. Lakini sasa haiko tena ubishi wa kucheka, sababu tuko na feza iliyochangwa dola kwa dola kwa ajili ya mashini moja ya maktaba yetu: ya kuweka TFC zetu, vitabu, na itemu za Exetat kwa wadogo wetu wanaomaliza sekondari. Tukikosea, sijui nani atakubali kuchanga mara ya pili.

Mimi nimekwisha kukosea mara moja. Acheni niwaambie.

Wengi mnajua biro yangu ndogo ya kuchapa na kutoa fotokopi, hapa Salamabila. Miaka fulani iliyopita nilinunua seva ya mitumba, zile za kuingizwa ndani ya kabati la chuma, ndefu kama benchi. Muuzaji aliniambia: prosesa mbili, memori gigabaiti 48, diski sita. Na bei ilikuwa sawa na ya kompyuta moja ya mkononi! Niliona nimepata bahati. Nililipa, nikaongeza feza ya usafiri, mzigo ukafika na vumbi lake. Hata mara moja sikuuliza inakula umeme kiasi gani.

Kwetu mtu hategemei laini ya SNEL. Anategemea jua, bateri na grupu. Biro yangu ilikuwa na bateri moja ya volti 12, ampea-saa 150, na pano mbili juu ya mabati. Siku ya kwanza niliwasha saa mbili asubuhi. Ventilatere zikalia, mteja mmoja akauliza kama nimefungua kinu cha kusaga mihogo. Kabla ya saa tano konvertisere ikapiga kelele, yote ikazimika.

Tangu siku ile nikawa nawasha seva kwa grupu tu. Esansi ikiisha, grupu inakata, seva inaanguka nayo. Baada ya kuanguka hivyo mara nyingi, siku moja diski hazikusomeka tena. Ndani mlikuwa TFC 11 za wanafunzi waliochapa kwangu mwaka ule. Wengi walikuwa na kle zao za USB. Dada mmoja hakuwa nayo. Alikuwa na karatasi zake za mkono tu, na zilibaki wiki mbili atetee kazi yake. Tulichapa upya usiku, yeye anasoma, mimi nachapa, kwa kompyuta ya kuazima. Alitetea, akapita. Mpaka leo nikikutana naye sokoni, mimi njo namsalimu wa kwanza.

Kosa halikuwa la seva. Ile mashini ilitengenezwa kwa chumba chenye baridi na umeme usiokatika. Kosa lilikuwa langu: nilisoma fishi ya mashini kuanzia juu, pale palipoandikwa prosesa. Hapa kwetu fishi inasomwa kuanzia chini, pale panapoandikwa umeme.

HESABU MOJA HAITOSHI

Kulinganisha mashini kwa hesabu moja hakukuanza na sisi. Mwaka 1965 kampuni ya Marekani, DEC, ilitoa mashini yake PDP-8 kwa dola 18,000 hivi. Kompyuta za wakati ule zilijaza chumba, kwa hiyo hii ikaitwa minikompyuta. Mwaka 1977 DEC ileile ikatangaza VAX-11/780, na hiyo ikageuka kipimo cha dunia: watu walisema inafanya amri milioni moja kwa sekunde, na kila mashini mpya ikapimwa nayo. Hii ni sawa na VAX mbili, ile ni sawa na VAX tano. Halafu mwaka 1984 watafiti wa DEC wenyewe wakatoa vipimo vyao vya ndani: VAX ilikuwa inafanya karibu nusu milioni tu. Hesabu iliyokuwa kwenye midomo ya wote ilikuwa ya kulinganisha tu, haikuwa hesabu ya kazi yenyewe.

Leo hesabu za kuvutia ni viini na gigahezi. Tuzielewe kwanza. Waza jiko la arusi. Kiini ni mpishi, viini vinne ni wapishi wanne. Gigahezi ni mwendo wa mikono yao. Memori, yaani RAM, ni meza ya kukatia: ikiwa ndogo, wapishi wanagongana. Diski ni ghala ya chakula. Na umeme ni kuni. Wapishi 12 wenye mikono myepesi, kuni zikiisha, watakaa wakitazamana.

Tena, gigahezi za prosesa za aina mbili tofauti hazilinganishwi moja kwa moja. Mpishi mmoja anakata kitunguu kwa visu vitatu, mwingine kwa visu sita. Ukihesabu mwendo wa mkono peke yake, hujajua nani atamaliza mbele.

MASHINI NNE ZINAZORUDI KILA MARA KWENYE KUNDI

Ya kwanza ni Raspberry Pi 5, ya Uingereza, iliyotangazwa Septemba 2023. Iko na viini vinne vya aina ya ARM, gigahezi 2.4. Siku ya kutangazwa, ya memori gigabaiti 4 ilikuwa dola 60, ya gigabaiti 8 dola 80. Mwaka 2024 ikaongezwa ya gigabaiti 2, na Januari 2025 ya gigabaiti 16. Kwa bei ile unapata kibati kitupu: sanduku, kisambaza umeme, kipoza joto na fasi ya kuhifadhia vitu unalipa mbali.

Ya pili ni zile kompyuta ndogo za kisanduku zenye prosesa ya Intel N100, iliyotoka mwanzoni mwa 2023. Iko na viini vinne, mwendo wa juu gigahezi 3.4. Wanaotengeneza visanduku hivyo ni wengi, na mara nyingi ndani mnakuwa tayari memori na diski ya SSD. Prosesa hii ni ya jamii ya kompyuta za kawaida, kwa hiyo inakubali Windows na Linux pia.

Ya tatu ni seva ndogo ya kweli, kama HPE ProLiant MicroServer. Toleo la Gen10 Plus lilitoka mwaka 2020. Toleo la Gen11 likafuata mwaka 2024, lenye prosesa ya Pentium Gold ao Xeon. Ziko na fasi nne za diski na memori ya ECC, inayojisahihisha yenyewe ikikosea biti moja. Ni mashini nzuri kwa hospitali ao biro kubwa inayoandika hesabu mchana kutwa.

Ya nne ni ndugu wa ile yangu: seva ya mitumba ya kabati. Kwa karatasi inashinda zote tatu, na mara nyingi bei yake ni ndogo. Njo maana inadanganya.

WATI ZIKO ZA AINA MBILI

Hapa wengi wanaanguka, hata wenye diploma ya informatiki.

Kwenye fishi ya Raspberry Pi 5 utaona kisambaza umeme cha wati 27. Haimaanishi inakula 27. Hizo ni nguvu ambazo kisambaza kinaweza kutoa, pamoja na vitu utakavyochomeka. Yenyewe, ikipumzika, inakula kama wati 3. Ikifanya kazi kwa nguvu, 7 ao 8. MicroServer Gen10 Plus nayo iko na kisambaza cha wati 180, lakini haikai kwenye 180.

Kwa N100 kosa linageuka upande mwingine. Fishi inasema wati 6, na watu wanafurahi. Zile 6 ni za prosesa peke yake. Kisanduku kizima, pamoja na memori, diski na Wi-Fi, nahesabu wati 8 mpaka 12 kwa kazi ya kawaida, na kikisukumwa sana kinaweza kupita 20.

Kwa hiyo usiulize tu "wati ngapi?" Uliza: wati za nini? Za kisambaza, za prosesa, ao za mashini nzima ikifanya kazi? Na kama unaweza, pima mwenyewe. Kuko vipimo vidogo vya kuchomeka kati ya mashini na ukuta, vinaonyesha wati palepale. Kama ningalikuwa nacho siku ile mbele ya muuzaji, nisingalitoa feza.

TUHESABU PAMOJA

Chukueni kalamu. Tuseme maktaba inafunguliwa saa 10 kwa siku. Pembeni kuna ruta ya Wi-Fi ya kuwapa watu kwa simu zao, tuseme wati 8. Msitegemee Wi-Fi ya ndani ya kompyuta ndogo. Haikutengenezwa kwa darasa la watu 40. Ruta peke yake inakula wati-saa 80 kwa siku. Halafu mashini:

– Raspberry Pi 5, wastani wati 6: 60, pamoja na ruta 140.
– Kisanduku cha N100, wastani wati 12: 120, pamoja na ruta 200.
– Seva ndogo yenye diski kadhaa, tuseme wati 40: 400, pamoja na ruta 480.
– Seva ya kabati kama ile yangu, wati 180: 1,800, pamoja na ruta 1,880.

Sasa jua. Pano ya wati 100 haitoi wati 100 siku nzima. Mimi nahesabu saa 4 za jua nzuri, natoa robo inayopotea kwa joto, vumbi na waya. Inabaki wati-saa 300 kwa siku. Basi Raspberry Pi inatosheka na pano moja. N100 pia inatosheka na moja, ila kipindi cha mvua utataka mbili. Seva ndogo inaomba mbili, na tatu kama hutaki wasiwasi. Seva ya kabati inaomba pano 7, na hatujagusa balbu wala mashini ya kuchapa.

Sasa bateri. Ile yangu, volti 12 mara ampea-saa 150, ni wati-saa 1,800. Bateri ya risasi ukiimaliza kila siku inakufa upesi, kwa hiyo unahesabu nusu: 900. Konvertisere nayo inakula yake, tuseme asilimia 15. Inabaki kama 765. Gawa kwa 180: saa 4 na robo. Yangu haikufika hata saa tatu, sababu haikuwa mpya na asubuhi ile kulikuwa mawingu. Bateri ileile, kwa N100 na ruta, yaani wati 20, ingalikwenda saa 38. Hesabu hii ni ya shule ya msingi. Sikuifanya, kwa sababu masikio yangu yalikuwa yamejaa gigabaiti.

VITU AMBAVYO PICHA HAIONYESHI

Saa ya ndani. Kompyuta ya kawaida iko na kibateri kidogo cha kukumbuka tarehe. Raspberry Pi 4 haikuwa na saa hiyo. Ukiizima bila intaneti, ikiwaka inaamini bado ni siku iliyopita. Raspberry Pi 5 imeletewa saa, lakini kibateri chake kinauzwa mbali. Kwa mtu wa mjini ni kitu kidogo. Kwetu, fasi intaneti haiko kila siku, faili ya leo inaandikwa tarehe ya mwezi uliopita, na kesho hujui kopi gani ya TFC njo ya mwisho.

Fasi ya kuhifadhia. Wengi wanatia kila kitu kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu kama ya simu. Umeme ukikatika wakati kadi inaandikwa, inaweza kuharibika. Tafuteni SSD. Raspberry Pi 5 inakubali SSD, kwa kuongeza kibati kingine. N100 mara nyingi inakuja nayo.

Volti. Visanduku vingi vya N100 vinakula volti 12 za moja kwa moja, sawa na bateri yetu. Mtu atasema: tufunge waya kwenye bateri, tuache konvertisere. Polepole! Bateri ya volti 12 ikiwa inachajiwa na pano inapanda mpaka 14 na zaidi. Weka katikati kifaa cha kutuliza volti, kitakachotoa 12 sawasawa. Ukifanya hivyo, umeokoa umeme uliokuwa unapotea kwenye konvertisere.

Programu. Maktaba yenyewe haiombi nguvu nyingi. Kiwix inafungua Wikipedia nzima bila intaneti, na Kolibri inapanga masomo na mazoezi, nayo iko kwa Kifaransa na kwa Kiswahili. Zote mbili zinakwenda kwenye Raspberry Pi. Lakini kama kuna siku tutataka programu ya hesabu ya Windows, Raspberry Pi itakataa, sababu prosesa yake ni ya jamii nyingine. Wikipedia ya Kifaransa yenye picha inachukua makumi ya gigabaiti, basi diski ndogo itatuchosha mapema.

Bei. Bei ya siku ya kutangazwa ni bei ya kule. Mwishoni mwa 2025 memori ilipanda bei duniani kote, na mashini nyingi zikapanda nayo. Ongeza forodha. Ongeza njia: mzigo upite Uvira, Fizi, Misisi na Lulimba, ao utoke Kalemie, ao ushuke Kindu na Kasongo, kila fasi ni feza. Na mashini ikifa, fundi yuko wapi, kipande cha kubadilisha kinatoka wapi? Mashini ya dola 100 ambayo kisambaza chake hakipatikani popote ni mzigo wa kabati tu.

MIMI NAPENDEKEZA NINI

Kwa maktaba yetu, mimi nasimama upande wa kisanduku cha N100: memori gigabaiti 16, SSD ya terabaiti moja. Inawasha kila programu tunayohitaji, iko na saa, haina kelele, inakula kidogo. Raspberry Pi 5 ninaiweka kwa shule ya kijijini yenye pano moja na mwalimu anayependa kujifunza Linux. Seva ndogo yenye diski nne tuiache mpaka siku tutakapokuwa na hesabu za watu wengi na umeme wa kuaminika. Seva ya kabati, hapana, hata mkinipa bure.

Lakini tusimalize feza yote kwenye mashini. Nusu iende kwa vitu visivyopigwa picha: bateri, pano ya pili, ruta, na diski ya nje ya kufanyia kopi. Kopi hiyo isikae nyumba moja na mashini. Hata diski mbili zinazoandikwa pamoja ndani ya mashini moja haziko kopi. Mwizi anabeba zote mbili, na paa likivuja linalowesha zote mbili.

Na anayetaka kupinga, apinge. Mimi sikuzaliwa na akili hii, niliinunua kwa bei kubwa. Ila kuanzia leo, anayetuma picha ya mashini kwenye kundi atuletee na majibu matano: inakula wati ngapi nzima ikifanya kazi? Inataka volti gani? Umeme ukikatika ghafla, faili zinabaki? Programu zetu zinakubali? Na bei yake ni ngapi ikiwa imefika Salamabila, si kule ilikotangazwa?

Wadogo zangu mnaoandika TFC mwaka huu, msingoje maktaba. Leo jioni, moto ukiwa bado kwenye kompyuta, wekeni kopi moja kwenye kle ya USB na ingine kwa rafiki anayekaa kartie ingine.